Kutembea na kundi kwenye vilima vya pwani mpaka kwenye magofu ya vita: mwongozo wa siku moja, hatua kwa hatua

Watu wengi wakitaka kwenda kuona magofu ya vita juu ya vilima vya pwani wanafanya hivi, wanaona picha moja ya mzinga mtandaoni, wanaweka pini kwenye ramani, wanaitana, wanapanda, wanapiga picha, wanashuka. Sawa, mmefika, lakini mmeona kipande tu. Kilima chote mlichokuwa mnatembea juu yake ndo ngome yenyewe, mzinga ni kiungo kimoja kati ya vingi, na vile vingine mmevipita bila kujua kwa sababu vimefunikwa na majani au mliviona mkadhani ni choo cha zamani. Kwaiyo huu mwongozo una mambo mawili yanayoenda pamoja, jinsi ya kupeleka kundi na kulirudisha likiwa zima, na jinsi ya kuipanga njia ili watu waelewe wanachokiona. Mimi naamini hivi vitu viwili havitenganishwi, kundi linaloelewa linatembea polepole, linaangalia chini, haliingii ovyo kwenye mashimo.

Hatua ya 1: Chagua kilima na ukijue kabla hujamwita mtu yeyote

Vilima vya namna hii viko sehemu nyingi duniani na sababu ni ileile kila mahali, aliye juu ya kilima anaiona bahari mbali, na anayeiona mbali anawahi kumpiga anayekuja na meli. Ndo mana kwenye Vita Kuu ya Pili Wajerumani walijenga ule Ukuta wa Atlantiki, msururu wa ngome za pwani, kuanzia Norwei mpaka mpakani mwa Ufaransa na Hispania, Waingereza wakachimba na kumwaga zege Devil's Peak kule Hong Kong, Wamarekani wakajaza mizinga kwenye vilima vya Marin Headlands ng'ambo ya daraja la Golden Gate kule San Francisco, na New Zealand nao wakaanza kujenga Godley Head karibu na Christchurch mwaka 1939.

Ukishachagua, swali la kwanza la kujiuliza ni hili: hapa palipiganwa au palisubiriwa? Hili swali linabadilisha siku nzima. Pointe du Hoc, Normandy kule Ufaransa, palipiganwa. Tarehe 6 Juni 1944 askari wa Kimarekani wa kikosi cha Rangers walipanda ukuta wa mwamba wa kama mita 30 kwa kamba na ngazi huku wanapigwa risasi kutoka juu, walipofika wakakuta mizinga waliyotumwa kuiharibu haipo kwenye nafasi zake, ilikuwa imehamishiwa ndani zaidi ya nchi kavu, wakaitafuta mpaka wakaipata na kuiharibu, afu wakakaa wanapigana pale wakiwa wamezingirwa. Mashimo ya mabomu bado yapo mpaka leo, makubwa, yamekaa karibukaribu na majani yameota ndani yake. Hapo ni mahali watu walipofia na wengine hawakupatikana, kwaiyo unawaambia watu wako mapema kabisa kwamba hakuna kupanda juu ya mapaa kupiga picha za kuruka.

Sasa linganisha na Battery Townsley kule Marin Headlands. Mizinga 2 ya milimita 406, risasi moja ina uzito wa karibu tani moja na inaruka kama kilomita 40 baharini, juu yake wameweka zege nene na udongo na majani ili ndege ya adui isione kitu. Na haikuwahi kumpigia adui hata mara moja. Watu waliishi pale wanafanya mazoezi, wanasafisha mtutu, wanaangalia ukungu, vita ikaisha, mizinga ikakatwakatwa kuwa chuma chakavu. Hii nayo ni historia kamili, usiwaambie watu kwamba hakuna kilichotokea, waambie kilichotokea ni kusubiri, na uwaonyeshe mahali pa kusubiria.

Ukimaliza hapo fuatilia mambo ya kawaida. Eneo ni la hifadhi, la jeshi au la mtu binafsi? Linafunguliwa kila siku au siku maalum tu? Kundi kubwa linahitaji kibali? Hifadhi nyingi zinataka kibali kuanzia idadi fulani ya watu, uliza wao wenyewe, usitegemee mtu aliyeandika miaka mitano iliyopita. Na uliza kama njia iko wazi *sasa hivi*, mana ukingo wa bahari unaporomoka na njia zinafungwa. Godley Head baada ya tetemeko la Februari 2011 kuna sehemu zilifungwa kwa sababu ya uharibifu, mtu aliyekuwa na ramani ya zamani angefika akakuta uzio.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya muda, afu ongeza

Kuna kanuni ya zamani ya Mskoti mmoja, William Naismith, aliitoa mwaka 1892 na bado inafanya kazi: saa moja kwa kila kilomita 5, ongeza saa moja kwa kila mita 600 mnazopanda. Mfano njia yenu ni kilomita 12 na jumla ya kupanda ni mita 450. Kilomita 12 ni kama saa 2 na dakika 24, kupanda ni dakika 45, jumla saa 3 na dakika 9 hivi.

Hiyo ni ya mtu mmoja mwenye miguu mizuri ambaye hasimami. Kundi linasimama. Mmoja anafunga kamba za viatu, mwingine anavua koti, wawili wanapiga picha, mnasubiriana kwenye kila geti. Mimi naongeza nusu nzima kwa kundi la watu kumi na zaidi, kwaiyo saa 3 inakuwa karibu saa 5 kasoro. Ongeza saa moja na nusu ya kuzunguka magofu na dakika 40 za kula, mko kwenye saa 7. Na usisahau vilima vya pwani vinadanganya, kilele kinaweza kuwa mita 200 tu lakini njia inashuka kwenye kila bonde na kupanda tena, ukijumlisha mnakuta mmepanda mara tatu ya urefu wa kilima chenyewe. Angalia jumla ya kupanda kwenye ramani, usiangalie kilele.

Kutoka hapo rudi nyuma kwenye saa. Kama jua linazama saa 12 na nusu jioni, mimi nataka wote wawe wamefika kwenye magari au kituo cha basi saa 11 jioni. Maana yake kuna saa ya kugeuka, mfano saa 8 mchana, mkiwa mmefika au hamjafika mnageuka. Hiyo saa iandike na uwaambie watu wote jana yake, kwa sababu ukiitangaza mlimani wakati magofu yanaonekana pale mbele nusu saa tu hakuna atakayekuelewa, ila ikishajulikana toka nyumbani hakuna anayebishana nayo.

Kitu kingine kwenye kupanga njia, ukiweza magofu yakae katikati na si mwishoni. Watu wakifika kwenye lengo akili inashuka, miguu inalegea, na mteremko wa kurudi ndo watu wanapoteleza. Njia ya mzunguko ni bora kuliko kwenda na kurudi palepale, hasa ikianza na upandaji asubuhi wakati watu wana nguvu.

Hatua ya 3: Bahari, upepo, ukungu

Kama kuna kipande chochote cha njia kinachopita ufukweni au chini ya mwamba, pata jedwali la maji kujaa na kupwa la siku hiyohiyo. Sehemu nyingi maji yanajaa mara mbili kwa siku, kati ya kujaa kumoja na kunakofuata ni kama saa 12 na dakika 25, kwaiyo ratiba ya jumamosi iliyopita haikusaidii jumamosi hii. Siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo ndo bamvua, maji yanapanda juu zaidi na kushuka chini zaidi, na ufukwe mlioupita asubuhi mkicheka unaweza usiwepo mchana. Piteni wakati maji bado yanashuka. Kama yameanza kupanda tumieni njia ya juu, basi, hakuna mjadala.

Upepo juu ya ukingo ni mkali kuliko mlikopaki magari, na unavuma kwa vipindi, dakika mbili kimya afu unakuja mmoja wa kumsogeza mtu hatua nzima. Kama utabiri unasema upepo mkali unaotoka nchi kavu kwenda baharini, yaani unaowasukuma kuelekea kwenye ukingo, mimi naahirisha. Ukungu nao ni wa kuheshimu, unaweza kuingia kutoka baharini ndani ya robo saa na njia ikapotea mbele ya macho, na kwenye maeneo kama haya kuna njia nyingi za zamani za jeshi zinazokatiza kila upande na baadhi zinaishia kwenye ukingo kwa sababu ndo zilikojengwa ziishie, kwenye kituo cha kurunzi, yani taa kubwa ya kumulika bahari usiku. Ukungu ukiingia kundi linakaza, kila mtu amwone wa mbele yake.

Radi ikisikika shukeni kutoka juu. Msikimbilie kwenye kibanda cha zege chenye mlango wazi mkaegemea ukuta, ndani ya ule ukuta kuna nondo.

Hatua ya 4: Panga watu

Idadi ninayoipenda ni kati ya 8 na 15. Wakizidi 20 gawa makundi mawili, kila moja na kiongozi wake, yaachane dakika 20 hivi, kwa sababu vyumba vya magofu ni vidogo na watu 25 kwenye mlango mmoja ni kusukumana tu.

Kuna watu wawili wa lazima. Wa mbele, anayeijua njia, kazi yake kubwa ni kupunguza mwendo. Na mfunga mkia, ambaye hapitwi na mtu yeyote hata iweje, mtu akienda kujisaidia mfunga mkia anamsubiri. Mfunga mkia awe mtu mzoefu na mwenye moyo wa subira, usimpe hiyo kazi anayetembea taratibu kuliko wote eti kwa sababu yuko nyuma tayari, huyo anakuwa mwathirika na mlinzi kwa wakati mmoja. Anayetembea taratibu mweke wa pili au wa tatu kutoka mbele, mwendo wake uwe mwendo wa kundi. Kwa kweli hii peke yake inatatua nusu ya matatizo ya kundi.

Kabla ya siku yenyewe tuma ujumbe mmoja tu kwenye grupu, mmoja uliokamilika, usiwe vipandevipande ishirini: mahali pa kukutana, saa, urefu wa njia na jumla ya kupanda, saa ya kugeuka, vitu vya kubeba, na sentensi moja inayosema wazi kwamba njia ina kingo na sehemu zenye giza. Afu muulize kila mtu pembeni, kwa faragha, kama ana pumu, kisukari, moyo, mzio, woga wa urefu. Pembeni nasema, kwenye grupu hakuna anayejibu ukweli.

Na mtu mmoja aliyebaki nyumbani awe na orodha ya majina, njia na saa ambayo akiona kimya apige simu.

Hatua ya 5: Vya kubeba

Kila mtu: maji lita 2 na zaidi kama kuna jua, chakula cha kushika mkononi, koti la upepo hata kama asubuhi mbingu ni safi, kofia inayobana, suruali ndefu kwa ajili ya miiba na kupe, viatu vyenye meno chini, tochi. Tochi ya kweli, ya kuvaa kichwani ndo nzuri, taa ya simu inakula chaji unayoihitaji kwa kupiga simu na inashika mkono mmoja ambao ungeshikia ukuta.

Kiongozi aongeze: ramani ya karatasi au iliyopakuliwa isiyohitaji netiweki, dira, pawabenki, kisanduku cha huduma ya kwanza, blanketi la dharura, filimbi. Ishara ya filimbi ya kuomba msaada milimani ni mipulizo 6 ndani ya dakika moja, mnatulia dakika moja, mnarudia. Anayejibu anapuliza 3. Wafundishe wote asubuhi, inachukua nusu dakika. Namba ya dharura ya nchi husika iwe imeandikwa kwenye simu za watu, 112 inafanya kazi Umoja wa Ulaya wote na kwenye nchi nyingine nyingi kupitia simu ya mkononi.

Hatua ya 6: Asubuhi

Hesabu watu. Sema idadi kwa sauti ili kila mtu aijue, mana mkihesabu baadae kila mtu anasaidia. Angalia viatu vya watu kwa macho yako, mwenye ndala mwambie ukweli palepale. Tambulisha wa mbele na mfunga mkia. Ondokeni.

Hatua ya 7: Njiani

Dakika 20 za kwanza polepole kuliko mnavyotaka. Simameni baada ya hapo kila mtu apunguze nguo, afu mwendo mmoja mpaka mapumziko ya kwanza. Kwenye ukingo tembeeni mstari mmoja, upande wa ndani, na kumbuka udongo wa ukingoni mara nyingi umening'inia, chini yake hakuna kitu, bahari imeshakula, juu majani mazuri kabisa. Mita kadhaa kutoka ukingoni, na kupiga picha ni kusimama kwanza ndo unapiga, hakuna kurudi kinyumenyume.

Geti mkilikuta limefungwa mnalifunga, mkilikuta wazi mnaliacha wazi.

Hatua ya 8: Kusoma kilima

Hapa ndo pa kukaa. Nashauri msianzie kwenye mzinga. Anzieni mahali ambapo bahari inaonekana pana kuliko pote, simameni, mgeuzie watu nyuso baharini, waulize: meli ikija mngetaka kuiona kutokea wapi? Watu wataonyesha kidole wenyewe, na mara nyingi pale wanapoonyesha ndo kuna kibanda kifupi cha zege kimejikunja kwenye majani, chenye tundu refu jembamba kama jicho lililofumbwa nusu. Hicho ni kituo cha uangalizi, hapo ndo akili ya ngome ilipokuwa. Watu walikaa ndani na vyombo vya macho wanapima meli iko umbali gani na upande gani, wanapiga simu nyuma, kule nyuma wanapiga hesabu, na hesabu inaenda kwenye mizinga.

Mfano mzuri kuliko yote kwangu ni Longues-sur-Mer kule Normandy, kwa sababu mpangilio bado mnauona kwa macho. Kituo cha uangalizi kiko ukingoni kabisa juu ya bahari, na mizinga 4 ya milimita 150 iko nyuma kama mita 300, kila mmoja ndani ya nyumba yake ya zege. Mizinga yenyewe bado ipo, kitu ambacho ni nadra. Wapitishe watu kutoka kituoni mpaka kwenye mizinga kwa miguu bila kuongea sana, wakifika watauliza wenyewe, sasa hawa walikuwa wanaonaje kutoka huku? Hawakuhitaji kuona, walitegemea namba kwenye waya. Ile mita 300 ya kutembea ndo maelezo yenyewe.

Mahali ambapo mzinga umeshaondolewa, na ndo sehemu nyingi, tafuteni sakafu. Fagieni majani kwa mguu taratibu mtaona duara la bolti nene zimesimama kutoka kwenye zege, zimeliwa na kutu, nyingine zimekatwa. Mzinga ulikaa hapo. Mwambie mtu mmoja asimame katikati ya duara anyooshe mkono mbele, azunguke taratibu mpaka ukuta umzuie kulia, afu mpaka umzuie kushoto. Pembe aliyozunguka ndo pembe ya bahari waliyoweza kuipiga. Watoto wanalipenda hili na watu wazima pia.

Afu angalieni ukuta kwa karibu, weka tochi iangaze kwa pembeni, siyo moja kwa moja. Zege lina mistari. Ni alama za mbao zilizoshikilia zege lilipokuwa bichi, na kwenye kuta nyingi unaona mpaka nyuzi za mti na vifundo vyake, mbao zenyewe zimeoza miaka mingi lakini sura yake imebaki kwenye jiwe. Mtu alizipiga misumari hizo mbao. Kwenye Ukuta wa Atlantiki wengi wa waliofanya hiyo kazi hawakuja kwa hiari, shirika la ujenzi la Wajerumani, Organisation Todt, lilitumia watu kwa nguvu, wafungwa na wafanyakazi waliokokotwa kutoka nchi zilizotekwa. Hili lazima lisemwe mkiwa mmesimama pale, mana ukiongelea unene wa kuta na ukubwa wa mizinga peke yake unawasifu waliotoa amri na unawasahau waliobeba mifuko.

Nyuma au chini ya mzinga kuna ghala la risasi. Ngome za zamani zaidi, hasa za karne ya 19, zina kitu kizuri cha kutafuta: vidirisha vidogo ukutani visivyoelekea nje. Taa iliwekwa upande wa pili wa kioo, kwenye korido yake tofauti, ili moto usiwahi kukutana na baruti. Ukiviona hivyo vidirisha unajua uko ndani ya ghala hata kama hakuna kibao. Tafuteni pia msingi wa jenereta mbali kidogo na mizinga, na chini karibu na maji vibanda vya kurunzi za kumulika usiku.

Mwisho wageuze watu wape bahari mgongo. Waulize adui akija kwa nyuma je? Devil's Peak ndo somo lenyewe. Kile kilima cha mita 222 kilijengewa mizinga ya kulinda mlango wa bahari wa bandari, halafu Desemba 1941 Wajapani wakaja kwa nchi kavu kutoka kaskazini. Usiku wa kuamkia tarehe 13 Desemba askari wa Kihindi wa kikosi cha Rajput ndo walikuwa wa mwisho kuvuka kutoka pale kwenda kisiwa cha Hong Kong, na tarehe 25 Desemba Hong Kong ikasalimu amri. Kwaiyo kwenye kilima chochote tafuteni na upande wa nchi kavu, mahandaki ya askari wa miguu, matundu ya bunduki yanayoangalia njia mliyopandia. Mara nyingi ni dhaifu na machache kuliko ya upande wa bahari, na hilo nalo linaeleza kitu.

Hatua ya 9: Kuingia ndani

Kanuni yangu ni fupi: palipofungwa hapaingiliki. Wavu umekatwa na mtu mwingine? Bado pamefungwa.

Palipo wazi, kiongozi anaingia peke yake kwanza na tochi mbili huku mfunga mkia yuko mlangoni. Angalia sakafu kabla ya ukuta. Kulikuwa na lifti za kupandishia risasi na mashimo ya nyaya, vifuniko vyake vya chuma vimeibwa au kuoza, na shimo likijaa maji linaonekana sakafu tu. Angalia dari. Chumvi ya bahari inapenya kwenye zege, nondo inapata kutu, kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe mara kadhaa, inalipasua zege kutoka ndani na vipande vinadondoka. Ukiona nondo nyekundu zimetokeza juu na kokoto chini yake, hapo hakuna kusimama. Mahandaki marefu yasiyo na mlango wa pili msiingie kabisa, hewa yake hamuijui.

Popo wakiwepo tokeni, hasa majira ya baridi. Popo aliyelala usingizi wa baridi akishtuliwa anatumia mafuta ambayo yangemfikisha hadi joto lirudi, na anaweza kufa wiki kadhaa baada ya nyie kuondoka. Magofu ya vita yamekuwa nyumba yao kubwa, kule Międzyrzecz nchini Poland kwenye mahandaki ya Wajerumani wanalala makumi ya maelfu kila msimu wa baridi, na nchi nyingi kumsumbua popo ni kosa la jinai.

Watu watano watano, dakika kumi, mnatoka, wanaingia wengine.

Hatua ya 10: Chuma msichokijua

Msiguse. Mpaka leo mabomu na risasi za vita zinatoka ardhini, mvua ikishusha udongo au mwamba ukiporomoka. Kikiwa na umbo la mviringo, mkia, pete ya shaba, kimeliwa na kutu kiasi cha kutotambulika, hakiokotwi, hakipigwi teke, hakirudishwi baharini. Weka alama mbali nacho, piga picha kutoka mlipo, chukua eneo kwenye GPS, rudisheni kundi kwa njia mliyojia, pigeni simu polisi.

Na ufukweni kuna hatari ambayo wengi hawaijui. Kwenye fukwe za Baltiki za Ujerumani fosforasi nyeupe kutoka kwenye mabomu ya moto inaletwa na mawimbi, inafanana kabisa na kaharabu, kijiwe cha njano kizuri. Mtu anaokota, anatia mfukoni, kinakauka, kinapata joto la mwili, kinawaka chenyewe na maji hayakizimi moja kwa moja, kikikauka kinawaka tena. Watu wameungua vibaya. Kwaiyo kwenye fukwe zenye historia ya mabomu vijiwe vya njano acheni, hata mtoto akilia.

Kuchukua kumbukumbu nako hapana, hata bolti moja. Sehemu nyingi ni mali ya urithi na kutembea na kifaa cha kutafutia chuma ardhini bila kibali ni kosa. Droni uliza kwanza, hifadhi nyingi zimekataza, kwa mfano hifadhi za taifa za Marekani zote.

Hatua ya 11: Kurudi

Saa ya kugeuka ikifika hesabu watu, geukeni. Kwenye mteremko mwenye goti bovu apewe fimbo, wa mbele apunguze mwendo zaidi ya alivyopanda, mapumziko mafupi kila nusu saa hata kama hakuna aliyeomba. Anayesema mara ya pili kwamba kachoka mchukulie serious, mgawieni begi lake.

Chini hesabu tena kabla mtu wa kwanza hajaondoka. Kila mtu ajikague kupe, nyuma ya magoti, kiunoni, kwapani, kwenye nywele, na akimkuta amtoe kwa kibano kwa kumshika karibu kabisa na ngozi na kumvuta moja kwa moja bila kumzungusha. Mpigie simu yule wa nyumbani umwambie wote wameshuka. Usiku huohuo wakati bado mnakumbuka waandikie wanaosimamia eneo mlichokiona kimeharibika, wavu uliokatwa, dari inayodondoka, njia iliyomeguka, na picha zenye eneo lake.